Kipawa Kimoja

Mchana naandika herufi zilizokwisha kukatwa.
Bati lina matundu, brashi ina wino,
robota la mkonge halina swali:
TANGA, namba, uzito. TANGA, namba, uzito.
Hadi saa kumi. Hadi kiganja kinuke mafuta ya taa.

Usiku ndio mgumu.
Ngamiani kuna feni ya jirani inayogonga,
kuna paka wa barabara ya kumi na moja,
na kuna mimi, macho kodo,
nahesabu mabati ya paa toka mlangoni hadi dirishani
na kurudi.

Tangu Hiza afe nimekuwa hivi.
Waliniambia nisali; nikasali.
Waliniambia nile; nikala kama mtu anayejaza fomu.
Shangazi akaleta habasoda, akaleta na lawama.
Ni Sista Semkiwa, kule Bombo,
baada ya maswali tisa na majibu yangu tisa ya uongo,
aliyeuliza mkono wangu unapenda nini.
Si moyo. Mkono.
Nikasema: kuandika, ila si kwa bati.
Akanipa vidonge, akanituma na daftari.
Dukani lilibaki la hesabu tu, la miraba.
Nikalichukua hivyohivyo.

Usiku wa kwanza nilichora Q.
Masikini Q, na nduguye X:
katika lugha yetu hawana ajira,
hakuna neno linalowaita asubuhi.
Q nikamtia mkia wa kenge, nikamvisha kofia ya viua.
X nikamzidisha, X juu ya X juu ya X,
mpaka akawa mkeka wa ukindu,
na sijui ilikuwa saa ngapi nilipolala juu yake.

Kisha nikakaa siku nne na ng'.
Kile kialama cha juu, kidogo kama punje ya ufuta:
kitoe, na ng'ombe anapoteza pua.
Nilikichora kama tone, kama ukucha, kama mbegu ya pilipili.
Nilikichora mara sabini. Nani ananidai?

Na kuna usiku mmoja, mmoja tu:

Kalamu ilenda kando, mkono ukafuata,
ukapanda kama tando, buibui akipita,
ukafuma na upindo, bila nyuzi kuzikata,
nami kwenye huo mwendo, pumzi ikajipata.

Halafu mbwa akabweka, na yote yakarudi.
Sitaki kukudanganya.

Jina la Hiza nililikwepa miezi miwili.
Alikuwa fundi baiskeli, barabara ya nane.
Aliandika bei kwa chaki juu ya tairi bovu:
PANCHA MIA TANO,
na P yake ilikuwa na kitambi kuliko bei.
Mvua iliifuta wiki ileile tuliyomzika.
Nilipita nikakuta tairi safi, jeusi, halisemi kitu.

Juzi nimeandika H.
Nguzo mbili na kipawa kimoja katikati.
Ngazi fupi, haifiki popote,
lakini mguu una pa kukanyaga.
Nguzo nikazijaza spoku na mnyororo, jino kwa jino.
Pengo la chini nikaweka kopo lake la gundi,
na kifuniko chake kisichofunga.
Pengo la juu nimeliacha.

Bado i. Bado z.
Jina lake linaishia pale alfabeti inapoanzia,
na hapo sijui nitafanyaje.

Leo, robota la mia mbili na kumi na mbili,
nilipoinua bati, mkono ulikuwa bado unataka.
Nikaishika G ya TANGA, nikaivuta mkia:
mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, jani.
Bwana Mhando akaja na kalamu sikioni.
"Nini hiki?"
"Wino umevuja."
Akaukagua ule mkia, kunjo kwa kunjo, mpaka kwenye jani.
"Wino huvuja," akasema,
akaurudia mzani wake.